Gari Lililokonyeza Njia Nzima

Marahaba, wanangu. Nimeitikia kabla hamjaniamkia, maana fundi umeme akianza kusalimiana na watu mmoja mmoja, gari linapoa na ugonjwa unajificha.

Mimi ni Mama Zuhura. Wateja waliniita Mama Fyuzi, na wengine wao hawakuwahi kujua kama nina jina jingine. Nimezaliwa Kaloleni katika familia iliyotoka Kondoa, na nimefanya kazi ya umeme wa magari kwenye gereji moja ya njia ya kwenda Terrat, tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kuinama. Siku hizi ninakaa nyumbani na ninakunywa chai ikiwa bado ya moto, anasa ambayo gereji haikunipa hata siku moja. Mmeniuliza taa za gari la haibridi, lile lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, zikisumbua zinatafutwaje. Nitawajibu kwa gari la Mama Anaeli, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu taa kilikuwemo ndani ya gari lile. Ng'ombe pia walikuwemo, lakini tutafika huko.

Mama Anaeli ni mfugaji wa upande wa Makumira. Mumewe alifariki wakati binti yao, Anaeli, akiwa bado shule ya msingi, na maziwa ndiyo yaliyomlea mtoto mpaka akamaliza chuo. Kila asubuhi mama huyo alipakia keni za maziwa kwenye haibridi yake ndogo akazisambaza nyumba kwa nyumba Sekei. Aliponunua gari lile majirani walimcheka, wakamwambia ng'ombe wake watapigwa shoti. Aliwajibu kwamba gari lisilokunywa sana ndilo linalomfaa mtu anayeuza vya kunywa.

Alikuja gerejini siku ya Alhamisi. Harusi ya Anaeli ilikuwa Jumamosi.

"Mama Zuhura," aliniambia hata kabla ya kuzima gari, "nilimwahidi mwanangu kwamba kwa kuwa baba yake hayupo, mimi ndiye nitakayemwendesha kwenda kanisani. Kwa gari hili la maziwa. Sasa wanataka kuninyima."

Aliyetaka kumnyima alishuka kwenye gari lililomfuata. Ni shemeji yake, Baba Godwin, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nanyi mnajua, hapa kwetu mwenyekiti wa kamati ya harusi ana mamlaka ambayo hata bwana harusi hana. Alinisalimia kwa heshima, kisha akatoa mashitaka. Gari la shemeji likikanyagwa breki, taa ya breki ya kulia haiwaki vizuri, na badala yake indiketa ya kulia inawaka kidogo. Likiwekwa indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Na dashibodi huwasha alama nyingi kwa pamoja kama duka la simu.

"Fundi, bibi harusi hawezi kupanda gari linalokonyeza wanaume njia nzima," alisema. "Watu watasema nini?"

"Watasema limemwona mzuri," Mama Anaeli akajibu. "Wewe hata likikukonyeza halitakuwa limekusudia."

Nilicheka, lakini niliona kwamba chini ya utani wake Baba Godwin alikuwa na hoja. Gari la bibi harusi ndilo linaloongoza msafara. Nyuma yake yanafuata mengine bampa kwa bampa, honi juu, madereva wakichungulia nje ya madirisha. Na haibridi ina tabia yake: ukiinua tu mguu kwenye mafuta, inaanza kujipunguza mwendo yenyewe ili irudishe umeme kwenye betri. Anayekufuata asipoona taa za breki zikiwaka sawasawa, anakuja kukusalimia kwenye buti. Kamati ingekutana Ijumaa jioni. Gari likiwa halijapona, wangekodi jingine lenye dereva wake, na Mama Anaeli angefuata nyuma kama mwalikwa.

Basi nikamwambia akanyage breki. Taa zote mbili zikawaka, nyekundu, safi. Indiketa ya kulia, sawa. Ya kushoto, sawa. Dabo hazadi, indiketa zote kwa pamoja, sawa. Rivasi, sawa.

"Limeona aibu mbele ya fundi," Baba Godwin akasema.

Hapa simameni kidogo, wanangu, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapopotea. Gari lisipoonyesha ugonjwa, usibadilishe kitu. Mafundi wawili waliotangulia walikuwa wamebadilisha. Mmoja aliweka balbu mpya pande zote. Wa pili aliona zile alama za dashibodi akamwambia mama kwamba betri kubwa, ile inayosukuma gari, imekwisha. Hakuwa mjinga, alama zile zinatisha. Lakini taa za haibridi hazijui hata habari za betri kubwa. Gari hilo lina betri ya pili, ndogo, ya volti kumi na mbili kama ya gari lolote, na taa zote, honi, redio na kompyuta zake vinakula hapo. Katika gari la Mama Anaeli ilikaa nyuma, kwenye kishimo cha upande wa kulia wa buti, chini ya zulia. Kumbukeni mahali hapo.

Kabla hujashika chochote katika gari la namna hii, hakikisha kweli limezimwa. Fundi wetu wa injini, Lukumay, alijifunza hilo mbele ya gereji nzima. Siku moja alikuwa ameinamia haibridi kimya kabisa, akiamini imelala, kumbe mwenye gari alishuka akaiacha imewashwa. Betri ilipopungua, injini ikajiwasha yenyewe chini ya ndevu zake. Lukumay alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, na katambuga yake moja, kile kiatu cha tairi, ikabaki juu ya injini kama mtu aliyeachiwa zamu. Tangu siku ile kila haibridi ikiingia getini aliuliza, "Limelala au linajifanya?" Nanyi ulizeni hivyo hivyo. Toeni ufunguo wake muuweke mbali, fungueni hasi ya betri ndogo, na zile nyaya nene za rangi ya machungwa mziache na wenyewe waliosomea. Taa haziko huko.

Ugonjwa ulipokataa kuonekana nilifanya alichonifundisha Mzee Idi, fundi wangu: nikakaa kwenye tairi bovu nikauliza maswali. Linafanya hivyo lini? Mama akasema asubuhi. Asubuhi zote? Akafikiri, akasema asubuhi za ukungu, akiteremka na maziwa, na likishapigwa jua la Sekei linatulia. Upande gani? Kulia tu. Lilianza lini? Baada ya mvua. Unapakia nini zaidi ya maziwa? Akasema vitu vya nyumbani tu, na mimi, kwa uharaka, sikumuuliza vitu gani.

Nikachomeka kompyuta ya kupimia. Ikaniambia kwamba umeme wa betri ndogo umekuwa ukishuka mara kwa mara, na betri kubwa haina neno. Kompyuta ni shahidi mzuri, wanangu, ila anashuhudia alichokiona yeye tu. Taa za nyuma za gari lile hakuzitazama kabisa. Nilimwambia Mama Anaeli alirudishe gari nyumbani, alilaze pale linapolala kila siku, na asiliguse mpaka nifike alfajiri.

"Fundi anamfuata mgonjwa nyumbani," Baba Godwin akasema. "Hata daktari siku hizi haendi."

"Daktari mgonjwa wake anasema anaumwa wapi," nikamjibu.

Mzee Idi huyu ninayemtaja alitoka Tanga na Landrova ndizo zilizomleta. Chombo chake kikuu kilikuwa balbu moja kwenye holda kuukuu yenye nyaya mbili, na kwa balbu hiyo alisoma gari zima. Mita ilipoingia gerejini aliitazama kwa wiki nzima bila kuigusa, kisha akaichukua na hakuirudisha. Alikuwa na usemi mmoja aliotuambia kila siku. Umeme ni mgeni, alisema, na mgeni yeyote lazima arudi kwao. Ninyi mnakagua mgeni alivyokuja, fyuzi, swichi, rilei. Kagueni na anavyorudi. Umeme unaingia kwenye balbu kwa waya mmoja na kurudi kwenye hasi ya betri kupitia waya mwingine uliofungwa kwa boliti kwenye bodi ya gari. Ule wa pili hauna fyuzi wala rangi ya kuvutia, na hakuna anayeukumbuka. Ukiziba, mgeni hakubali kulala barabarani. Anapita uani kwa jirani. Umeme wa breki unapenya kwenye indiketa ukitafuta njia ya nyumbani, na ndiyo maana indiketa inawaka kidogo huku taa ya breki ikififia.

Kwa hiyo usiku ule nililala nikijua ugonjwa. Sikujua tu umetoka wapi, na ugonjwa usiojulikana ulikotoka hurudi Jumamosi, mbele ya kanisa.

Nilifika Makumira ukungu wa Meru ukiwa bado umeshika migomba. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa harusi, wanamenya vitunguu saumu, wanachambua mchele, kikapu cha ndimu za kachumbari kimekaa mlangoni. Gari lilikuwa limelala kando ya zizi, limelowa umande. Mama Anaeli akawasha, akakanyaga breki.

Likakonyeza. Taa ya kulia ikawa hafifu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na indiketa chini yake ikawaka nusu. Wanawake wakapiga vigelegele. Nadhani ni mara ya kwanza duniani hitilafu kupigiwa vigelegele.

Nikatoa mita. Wekeni hili kichwani, kwa sababu litawaokoa mara nyingi: njia ya kurudi haipimwi ikiwa imelala. Ipimeni taa ikiwa imewaka, mzigo ukiwa juu yake. Nilimwambia mama ashikilie breki, nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa kurudi pale kwenye taa, na nyingine kwenye hasi ya betri. Njia ikiwa nzima, mita husoma karibu na sifuri. Ilisoma volti nne na ushee. Karibu theluthi ya umeme wa taa ilikuwa inapotelea njiani.

Nikasema sasa tufungue buti tuinue zulia. Mama Anaeli akashuka kunisaidia. Alichofanya kwanza, kwa mazoea ya kila siku, ni kutoa kilichokuwemo: keni mbili, kamba, na kiroba kilichochanika pembeni. Akakiweka begani, akaenda nacho zizini, akamwaga mabonge meupe kwenye kihori. Ng'ombe wakaja kulamba.

"Mama Anaeli, hicho ni nini?"

"Magadi. Si ya ng'ombe haya? Nawachukulia na majirani wote wa huku, nikienda mjini narudi nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu ninunue gari."

Niliinua zulia. Chini yake, kwenye kishimo cha betri ndogo, kulikuwa na unga mweupe umetanda mpaka kwenye boliti inayoshika nyaya za taa za kulia. Boliti yenyewe ilikuwa imeliwa, na waya umevimba kijani. Sasa, fundi yeyote akiona unga mweupe karibu na betri husema betri imetoa ukoga, anaifuta, anaondoka, na nadhani waliotangulia walifanya hivyo. Lakini betri ile ilikuwa ya kufungwa, na vichwa vyake vilikuwa safi. Nilienda mlangoni, nikaomba ndimu moja kwenye kikapu, nikaikata kwa kisu changu cha nyaya, nikaudondoshea ule unga.

Ukachemka. Povu jeupe likapanda likisema shshsh.

Ukoga wa betri hauchemki kwa ndimu. Magadi yanachemka. Wanawake wote pale walijua hilo bila kuambiwa, maana nani kati yetu hajawahi kupika maharage kwa magadi akakamulia ndimu mapema, sufuria ikamfokea? Magadi yalikuwa yamechuja kutoka kwenye kiroba, maziwa yaliyomwagika yakayalowesha, na kila asubuhi ya ukungu yalivuta unyevu yakaendelea kula chuma. Mchana yakikauka, boliti inapata nafuu, na fundi wa mjini analiona gari ni zima.

Mama Anaeli alitazama povu, akatazama zizi. Ng'ombe mmoja alikuwa amenyanyua kichwa, bado analamba midomo.

"Kumbe ni ng'ombe wangu ndio waliokula taa," akasema, akacheka mpaka akashika ubavu wa gari.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Hasi ya betri ndogo ikafunguliwa. Betri ikatoka. Nikaosha kishimo kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, maana magadi yakibaki hata kidogo yanaanza upya. Boliti nikaitupa. Waya nikaukata, nikauvua ngozi, shaba ikaonekana nyeusi. Nikakata tena, nyeusi. Msione huruma na waya, wanangu. Kata mpaka shaba ing'ae, hata kama itabidi uunge kipande. Nikabana kichwa kipya, nikapiga msasa bodi mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikafunga boliti mpya, na mwisho kabisa nikapaka grisi juu. Grisi ni koti, inavaliwa juu ya chuma kilichokwisha kushikana. Ukiipaka katikati umemvika mgeni koti kichwani. Waya wa bodi wa betri yenyewe, uliokuwa kwenye boliti ya pili, nao ulikuwa umeanza kuliwa, nikaufanyia vilevile, na huo ndio uliokuwa unawasha duka la simu kwenye dashibodi. Zulia likaanikwa juani juu ya ua wa zizi, na ndama akajaribu kulila.

Betri ikarudi mahali pake, breki ikakanyagwa, mita ikasoma karibu na sifuri. Lakini mimi sikuridhika, kwa sababu kuliponya gari mchana wa jua si ushahidi. Nikaomba ndoo ya maji nikaimwagia sehemu yote ya nyuma, mpaka kwenye kishimo, nikapima tena. Sifuri ikakaa pale pale.

Baba Godwin alifika jioni pamoja na kamati. Hakutaka maelezo. Alisimama nyuma ya gari mikono mgongoni, gari likiwa limegeuzia matako ukuta wa nyumba ili taa zionekane ukutani, akaanza kuamuru kama anayegawa zamu za jeshi. Breki. Kulia. Kushoto. Breki na kulia pamoja. Rivasi. Dabo hazadi. Akarudia tangu mwanzo. Mama Anaeli alitii kila amri, ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umekaza. Sijawahi kumwona mtu akitazama kioo cha nyuma kwa namna ile. Aliporudia mara nyingine, bibi mmoja mwenye kisu cha vitunguu alimwambia mwenyekiti amalize, kwani taa zikichoka itabidi yeye atangulie na tochi.

Baba Godwin akazunguka mpaka dirishani. Akainama.

"Shemeji," akasema, "kaka angekuwepo angeketi kiti cha nyuma na Anaeli. Usukani angekuachia wewe. Endesha."

Mama Anaeli aliachia breki. Alizima gari, akatoa ufunguo, akaushika kifuani.

Jumamosi sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa mwalikwa, nimevaa baibui mpya na viatu vinavyobana. Baba Godwin alinipandisha kwenye gari lake, la pili katika msafara, akisema kwamba likitokea lolote fundi awe karibu. Mbele yetu kulikuwa na haibridi ya maziwa, imeoshwa, ina riboni nyeupe, na kwenye dirisha la nyuma kitambaa cha kichwani cha bibi harusi kikipepea. Pikapu ya matarumbeta ilipangwa mwisho kabisa, kwa kuwa kamati haikutaka vumbi lake limfikie Anaeli. Ilitupigia kutoka Makumira mpaka barabara kuu, honi zikiitikia.

Macho yangu hayakutoka kwenye zile taa. Kwenye matuta zikawaka zote mbili. Kwenye kivuko zikawaka. Indiketa ya kulia ilipepesa peke yake, kwa adabu, bila kumsumbua jirani. Tulipofika mahali barabara ilipokuwa wazi kabisa, hakuna tuta, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi, taa za breki zikawaka, zikazima. Zikawaka tena, zikazima. Na tena.

"Mbele hakuna kitu," Baba Godwin akasema. "Shemeji anapiga breki za nini?"

"Hapigi breki," nikamwambia. "Ananisalimia."

Baba Godwin alishika usukani vizuri. Kisha akatazama kioo chake, akagusa breki zake mwenyewe, mara tatu vilevile. Gari lililotufuata likafanya hivyo, na lililofuata hilo, salamu ikashuka gari kwa gari, nyekundu, mpaka nikasikia huko nyuma kabisa, pikapu nayo ilipogusa breki, tarumbeta moja ikikosea noti.

Siku hizi Mama Anaeli bado anachukua magadi mjini. Anayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kwenye kiti cha abiria cha mbele, na ameifunga mkanda.